Shuka la Chumba Namba Moja

Halafu bado mnasema shangazi alimchelewesha kaka! Tena mnasemea palepale karakanani kwa kaka, mmekalia viti vyake. Eti mfua mashuka kajifanya daktari. Wiki mbili nimewanyamazia. Leo basi.

Huyo mnayemcheka kafua mashuka ya upasuaji miaka kumi na tisa. Mmempa jina Bi Madoa, naye anaitika tu. Dawa za kufulia zimemla vidole mpaka vinang'aa. Kisu cha daktari hajakishika hata siku moja, lakini shuka analijua. Aliwahi kuniambia, "Shuka likishuka kwetu kufulia mapema, tena limelowa chapachapa, mwenyewe hakuvuka. Likikawia, bado wanahangaika naye."

Sasa siku ile. Kaka ni fundi wa vioo, mnamjua. Tulibeba kioo cha dirisha la duka, yeye mbele mimi nyuma, kikapasuka katikati. Kipande kikamwingia shingoni, kushoto, chini ya taya. Kilichobaki nje urefu wa kidole. Damu ilichuruzika kidogo tu, kaka ananitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nani alipiga kelele "Chomoa!"? Wote. Na mimi nikanyoosha mkono. Vidole vyangu vilishakigusa. Shangazi alikuwa katoka zamu, kapita kuchukua funguo. Alinizaba kofi nikaona nyota mchana.

"Kiguse tena nikuvunje mkono!"

"Shangazi, kinamuua!"

"Hicho ndicho kilichomziba! Lete vitambaa. Visafi, mjinga wewe, siyo hilo tambara la grisi!"

Akavikunja, akaviweka pande zote mbili za kioo, akaniambia nibonyeze pembeni, kioo nisikisukume. Jirani mmoja akaja na mtandio amzungushie shingo, shangazi akamfokea, "Unataka kumnyonga?" Kaka akaomba maji, akamnyima. Mwenye pikipiki akasema apande haraka, akamjibu, "Na mashimo yale? Kioo kicheze humo ndani? Shusheni vioo kwenye pikapu, akae wima."

Huo ndio ucheleweshaji wenu. Dakika tano za kushusha vioo, na nusu yenu mmefunga mikono mnatazama.

Hospitali nesi alimtupia jicho moja tu, kaka akasukumwa chumba cha upasuaji namba moja, mlango ukafungwa. Nikaanza kutembea. Benchi mpaka mlango, mlango mpaka benchi. Mlinzi akaniuliza, "Kijana, hiyo sakafu imekukosea nini?" Nikataka kumrukia. Kugeuka, shangazi hayupo. Nikapandwa na hasira: yaani kaniachia peke yangu!

Nikamkuta chini, chumba cha kufulia, kasimama mbele ya tundu la ukutani ambalo mifuko ya mashuka machafu hudondokea.

"Unafanya nini huku?"

"Nangoja shuka lake. Funga mdomo."

Mfuko ukaanguka, puu! Akasoma kibandiko. "Namba tatu. Siyo yeye." Akapumua. Mwingine. "Namba mbili." Saa ikapita, na ya pili. Kila kitu kikigonga naruka. Nikapiga ndoo teke, akanifanya nifute maji yote. Nikamuuliza mara ishirini kama tayari, akasema nikiuliza ya ishirini na moja atanifulia na mashuka.

Saa ya tatu mfuko ukadondoka. Namba moja.

Akashika fundo, vidole havikubali. "Vaa glavu, fungua wewe," akasema, akageukia ukuta.

Nikafungua. Shuka la kijani, doa lake halizidi sahani. Kwingine kote kukavu. Nikamwita. Akalitazama mbele na nyuma, akakaa chini sakafuni, anacheka machozi yanamtoka.

"Wamemshona, mwanangu. Huyu wamemshona."

Daktari alipotoka alinieleza kwa lugha yangu. Kioo kilikuwa kimechana mshipa mkubwa na chenyewe kimekaa kama kizibo. Wakapasua pembeni, wakaufunga mshipa kwa muda chini ya jeraha na juu yake, kama unavyofunga koki mbili kabla ya kukata bomba. Ndipo wakakitoa, wakashona, wakakagua koo na njia ya hewa. "Kingechomolewa huko mtaani," akasema, "msingefika getini."

Nikatazama vidole vyangu. Mpaka leo navitazama.

Kaka sauti imebaki ya kukwaruza. Alipozinduka neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Uliachia upande wako wa kioo." Sikuachia!

Sasa sikilizeni. Kitu kikimchoma mtu shingoni, kisu, kioo, msumari, usichomoe. Bonyeza pembeni, usimfunge shingo, usimpe chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Na wewe uliyemsema shangazi, unajijua. Anatoka zamu saa tisa, anapita geti la hospitali. Nenda ukamwombe radhi. Leo.