Filimbi ya Uwanja wa Jirani

Mchomelea vyuma yule hakujua kukaa. Hata chakula alikila amesimama, sahani mkononi na jicho mlangoni, na mkewe alishachoka kumwambia kwamba viti vya nyumba ile havina miiba. Pale uwanjani, alikofundisha timu ya mtaa kila jioni baada ya kufunga karakana yake, wachezaji walimwita Kiguu na Njia. Hakuwakatalia. Angekataaje, na nyasi za pembeni zilishakufa kwa nyayo zake?

Msimu huu alikuwa na haki ya kuhangaika. Timu ilikuwa mkiani, na mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la rangi, alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba timu ikishuka daraja na yeye aondoke. Timu ile aliichezea tangu ujanani, goti likamsaliti, akabaki nayo kama kocha. Kumwondoa pale ni kumwondolea nusu ya maisha yake.

Basi alifundisha kwa filimbi. Mtu akikosea pasi, filimbi inalia, na wote wanasimama pale pale walipo, marufuku kugusa mpira. Kocha anaingia katikati na swali lake: "Kosa la nani?" Hapo vidole vinaanza. Kipa, ambaye ni kinyozi, anamwonyesha beki. Beki, fundi mwashi, anamrudishia kipa. Wawili hao ni mashemeji, maana kinyozi kamwoa dada wa mwashi, lakini kwa vidole hivyo walishafika mahali pa kupeana salamu kupitia watoto. Kocha aliona anawanoa.

Ikaja mechi ile ya aibu. Ng'ambo ya mtaro kuna uwanja wa pili, nako siku hiyo kulikuwa na mechi. Timu yetu ilikuwa imebana sare vizuri tu, dakika zinayoyoma, refa wa ng'ambo akapuliza filimbi yake kwa mambo yake. Wachezaji wa Kiguu na Njia wakasimama. Wote, kama walivyofundishwa, shingo zimemgeukia kocha, wakingoja kuulizwa. Wapinzani, ambao hawakulelewa hivyo, wakapita katikati yao taratibu wakafunga. Watazamaji walicheka wakashika mbavu, na kocha akatamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani alizunguka kati ya jiko na mlango akimlaani refa wa jirani, akimlaani kipa, akimlaani beki na ukoo wake. Mkewe alikuwa anachambua mboga. Alimwacha amalize, kisha akamuuliza, kwa upole uleule anaoutumia kwa watoto, "Kosa la nani?"

Kocha aliacha kuzunguka. Akavuta kiti akakaa. Mkewe alishtuka kuliko alivyoshtuka kusikia habari ya bao.

Jioni iliyofuata alifika uwanjani bila filimbi. Aliwaambia kuanzia leo anayeona kosa ndiye asimamishe mchezo, awe nani awe nani, na marufuku kutaja mtu. Aseme tu, tufanye nini. Kisha akatia mikono mifukoni. Mazoezi yalikuwa balaa. Kwanza walinyamaza kama wako msibani, mpira ukipotea wanamtazama yeye, naye anatazama mawingu huku ulimi unamwasha. Walipoanza kusema, wakasema wote kwa pamoja. Alilazimika kuuzunguka uwanja mzima kwa miguu ili asiingilie, na goti likamkumbusha umri wake. Usingizi ukampaa. Alijiona mjinga aliyebomoa nyumba wakati mvua imetanda.

Lakini baada ya siku kadhaa, akiwa kwenye zile safari zake za pembeni, alimsikia kinyozi akiita, "Shemeji, nisogelee kushoto, huku nyuma sioni mpira." Na mwashi akasogea.

Siku ya mechi ya mwisho walihitaji sare tu. Hadi mapumziko walikuwa nyuma kwa bao moja. Kocha alitoka mbio kwenda kwao, maneno yamemjaa kinywani, akayakuta mambo yameshaanza. Walikuwa wameketi duara, mwashi anachora kwa kidole kwenye vumbi, kinyozi anafuta kwa kiganja na kuchora upya, wengine wamewainamia. Aliuzunguka mduara akitafuta pa kuingilia, hakupaona. Mwenyekiti akaja nyuma yake, uso umekunjamana, akamuuliza mbona hazungumzi na watu wake.

"Wanazungumza," kocha alisema.

Kipindi cha pili alitembea mpaka soksi zikalowa jasho. Akaona pengo upande wa kulia, akajaza kifua apige kelele, na kabla hajatoa sauti mwashi alishaita, winga akarudi, pengo likazibika. Ikawa hivyo tena na tena. Karibu na mwisho, kona ikapigwa, mwashi huyohuyo akaruka na kichwa, wavu ukatikisika. Refa alipomaliza mechi ilikuwa sare, na timu imebaki kwenye daraja lake.

Wachezaji wakakimbiliana. Kinyozi alitoka golini mwake mpaka upande wa pili akamrukia shemeji yake, wakaanguka, wengine wakawaangukia juu. Mwenyekiti naye alijitupa humo na shati lake jeupe. Hakuna aliyetazama pembeni, alikosimama kocha peke yake, mikono imening'inia, hana pa kuipeleka.

Mkewe alitoka kwa watazamaji akaja kusimama naye. "Wamekusahau," alisema. "Si ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

"Ndicho," kocha alijibu, macho kwenye lile rundo la watu. "Lakini kinauma, mama watoto. Sikujua kama kingeuma hivi."