Mbu wa Mchana

Katika chumba chetu cha Kandara, mtaa wa Jeddah, tulilala wanaume wa Kenya pekee, madereva na walinzi, na mmoja wetu tulimwita Daktari. Hakuwa daktari. Kwao, kando ya ziwa, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayepita boma hadi boma akiwaambia watu wafukie madimbwi na walale ndani ya neti. Alikuja Jeddah na neti yake kwenye begi, akaitundika juu ya kitanda kwa misumari. Mwenye nyumba alipofoka kuhusu ukuta, akamjibu kwamba ukuta hauugui malaria.

Mimi nilikuwa nimetoka Riyadh, mji wa vumbi, ambako sikumbuki kuumwa na mbu hata mmoja. Wa Jeddah walinipokea kwa fujo. Daktari akanifundisha kama alivyofundisha kijiji chake: mbu mbaya huja usiku, huzaliwa kwenye madimbwi ya nje, ukijifunika usiku umemaliza kazi. Nilimpenda kwa hilo. Kila mtu pale alijali tu simu yake na ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, lakini yeye alijali afya zetu, ingawa kwa kelele.

Bafuni tulikuwa na pipa. Gari la maji lilichelewa mara kwa mara, kwa hiyo tulikinga pia maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, safi kabisa, tukayaweka ya kuogea. Siku moja watu wa baladia, yaani manispaa, walikuja na tochi, wakamulika ndani ya pipa na kuanza kupiga makelele kwa Kiarabu. Daktari akawazibia mlango.

"Mafi mbu, hakuna mbu hapa, sadiki, rafiki yangu. Hii ni clean water," alisema. Kisha akatugeukia. "Hawa hawajui mbu. Mbu wa malaria hazaliwi kwenye pipa la bafuni."

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba alikuwa sahihi, ila kuhusu mbu mwingine. Wale wakaguzi walimwaga maji yetu wakaenda zao, bila mmoja wao kutueleza kwa lugha yoyote tunayoisikia Jeddah kuna ugonjwa gani. Kumwaga maji ya mtu na kumwacha gizani si kinga, ni ugomvi. Jioni ile tulilijaza pipa tena.

Homa ilimshika Daktari ghafla. Macho yalimuuma kwa ndani, na viungo vyote vikawa kama vimepondwa. Akatabasamu kabisa, kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani, akasema ni malaria. Alitoa begini dawa alizokuja nazo, akameza dozi nzima, akaongeza vidonge vikali vya maumivu, akivitafuna kama njugu. Nilimwambia twende hospitali, gari ninalo.

"Bro, mimi nimetibu malaria kabla wewe hujajua kushika steering. Madaktari wa huku hata hawajawahi kuiona."

Nilirudisha funguo mfukoni. Nani angebishana na mtu aliyeokoa watoto wa kijiji kizima?

Baada ya siku chache homa ikashuka. Akaketi, akaomba ugali, na sisi tukashangilia kama timu yetu imefunga bao. Nilikwenda hadi mtaa wa Sharafiya kumtafutia unga wa mahindi. Aliniambia halas, amepona, na mikono yake ilikuwa baridi. Alikula matonge mawili tu. Alitema damu kidogo alipopiga mswaki, akasema brashi ni ngumu.

Asubuhi hakuweza kusimama, na tumbo lilimuuma hata kuguswa hakutaka. Nilimbeba mgongoni kushuka ngazi huku nikimtukana kwa ukaidi wake, na yeye hakunijibu. Daktari huyu hakukosa jibu hata siku moja, kwa hiyo hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Hospitalini daktari wa zamu, mama mmoja mpole, aliuliza amemeza nini. Nilipomtajia vile vidonge vya maumivu alifumba macho. Alisema ni homa ya dengi. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji safi ya ndani ya nyumba, na vidonge vile huzidisha kuvuja damu. Na homa inaposhuka, alisema, ndipo hatari inapoanza. Daktari wetu alifariki kabla ya adhuhuri.

Nilimpigia simu mkewe nikiwa bado kwenye maegesho. Nilimweleza yote, na yeye akaniacha nimalize. Kisha akacheka kidogo, kwa huruma, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia.

"Hapana, shemeji. Huko hospitali wamewachanganyia mtu. Wangu alinipigia jana jioni mwenyewe, amepona, hata watoto nimewaambia. Rudi tu chumbani umwangalie. Atakuwa amelala."