Fundi Milimita Amfundisha Waziri

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Milimita. Jina hilo amelipata kwa haki. Suruali ikizidi upana wa uzi mmoja anaifumua yote, hata kama mwenyewe ameshaivaa na yuko mlangoni anaondoka. Duka langu la chakula cha kuku limepakana na lake, kwa hiyo kutwa namsikia akigombana na pindo. Nilipokuwa msichana nilikaa kwake, akanishonea sare zote za shule, na mpaka leo sijapata sketi iliyonikaa vizuri kama zile. Nampenda. Nasema mapema ili yanayofuata yasieleweke vibaya, maana shemeji asiyetaniwa si shemeji, ni mpangaji.

Kila msimu wa bata maji, yeye na wenzake huchukua vibali vyao wakaenda bwawani kuwinda. Mkubwa wao ni yule mwenye bucha ya kona, nasi tunamwita Bucha. Wana sheria moja wanayoishika kuliko hata sheria za serikali: ndege aliyeangushwa haachwi majini. Ukimpiga, umtafute mpaka umpate, na mtu anayeacha ndege mara kwa mara huambiwa abaki nyumbani. Msimu uliopita shemeji aliacha wawili kwenye matete. Bucha alimvuta pembeni, akamwambia kwa heshima zote kwamba akimwacha mwingine, basi. Shemeji alirudi siku ile akasukuma sahani ya chakula mbali. Maisha yake yote ameyatumia kushonea watu wengine, na kule bwawani ndiko mahali pekee anapokwenda kwa ajili yake mwenyewe.

Sababu ya kuacha ndege tuliijua, mimi na dada. Ni macho. Asubuhi, kabla mumewe hajafika dukani, dada alikuwa anatia uzi kwenye sindano zote, anazichomeka kwenye mto wa pini na kuondoka zake. Shemeji akija anazitumia, anajifanya hamnazo, kana kwamba sindano za duka lile hulala zikaamka na uzi. Ukimtajia daktari wa macho anasema tatizo ni taa. Taa ikabadilishwa, tatizo likahamia kwenye kitambaa cheusi. Dada akamwambia mficha uchi hazai. Akajibu kwamba watoto ameshawapata, tena wote wameshahama.

Basi badala ya kutafuta miwani, akatafuta mbwa.

Alikuwa mbwa wa aina ile ya kuokota ndege, rangi ya asali, ulimi nje, na mkia usiojua mapumziko. Shemeji alipewa na mteja aliyekuwa anahama, na baada ya wiki moja nilielewa kwa nini mteja yule aliona ni heri ahame. Tukamwita Waziri, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia na ofisini hakai. Alitafuna chaki za kuchorea vitambaa. Alimeza nusu ya tepu, ikawa shemeji anapima viuno vya watu kwa awamu. Siku moja alimburuta bwana wake kutoka mlangoni mpaka ng'ambo ya barabara, wakapita katikati ya kamba ya nguo za jirani, na shemeji akatokea upande wa pili amevaa foronya.

Niliuliza kama huo ndio uwindaji wenyewe au bado ni mazoezi. Akasema samaki mkunje angali mbichi. Nikamkumbusha kwamba samaki huyu alikuwa na zaidi ya mwaka, na uzito wa gunia la pumba.

Lakini fundi ni fundi. Kila jioni akifunga duka alimpeleka kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya shule. Somo la kwanza lilikuwa kutembea ubavuni bila kuvuta kamba. Waziri akivuta, shemeji anasimama kama nguzo, hasemi kitu, anangoja kamba ilegee ndipo apige hatua nyingine. Siku za mwanzo giza liliwakuta hawajafika hata kwenye goli, na wapita njia waliniuliza kama shemeji yangu anaumwa. Baada ya hapo likaja somo la kukaa. Waziri akikaa upande upande, anainuliwa na kukalishwa upya, taratibu, kama kola inayorekebishwa shingoni. Kisha akafundishwa kungoja huku bwana wake akienda mbali na kumpa mgongo, na hapo ndipo Waziri alipoteseka hasa, maana mwili mzima ulikaa lakini mkia uliendelea na safari.

Kwa dada Waziri hakuhitaji masomo. Dada alimtazama mara moja tu kwenye mlango wa jikoni, mbwa akakaa sawasawa na kwa hiari yake.

Siku zikaenda, na lazima niseme kweli, mbwa alinyooka. Filimbi ikilia mara moja anakaa, ikilia mara mbili anarudi. Kilichobaki kilikuwa kuokota. Wenzake shemeji hutumia mfuko wowote mchakavu uliojazwa mchanga. Yeye alishona vifurushi vya masalia ya suti, vina bitana ndani, pindo limefichwa, na kishikio cha kurushia. Nimeona maharusi waliovaa vibaya kuliko vifurushi vile. Alivirusha kwenye nyasi, Waziri akavifuata kwa pua na kuvileta mkononi bila kuvibana, vikinuka kitambaa kipya na mafuta ya cherehani.

Bucha alikuja kutazama, akasifu, kisha akatoa mbawa za bata kwenye mfuko. Akamshauri azifunge kwenye vile vifurushi, kwa sababu mbwa hutazama kwa pua, na huyu alikuwa hajui bado kwamba kinachotafutwa ni ndege. Shemeji alizitazama mbawa zile kama mtu aliyeletewa panya. Akasema manyoya na suti za watu havikai chumba kimoja, na kwamba Waziri ana akili, siku ikifika atajua mwenyewe. Bucha alinitupia jicho, mimi nikaangalia magunia yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mwambie wewe.

Halafu, kwa nia njema kabisa, akawashonea wenzake wote makoti mapya ya kuwindia. Alitaka msimu uanze watu wakiwa na furaha naye. Yalikuwa makoti mazuri mno, rangi ya majani makavu, kila mtu kwa kipimo chake.

Msimu ulipofunguliwa niliwapeleka bwawani mimi mwenyewe, kwa kuwa pikapu ni yangu na simwamini mtu na klachi yangu. Njiani Waziri alikaa nyuma kimya miguuni pa bwana wake. Shemeji alikuwa anapapasa filimbi shingoni, na kwenye kioo nilimwona ana hofu, nikaacha utani.

Jua lilipopanda wakavua makoti, wakayatundika kwenye vichaka nyuma yao. Bucha alipiga bata wake mapema, bata akaanguka mbele ya macho yetu, naye Bucha akaenda kumchukua. Baadaye likaja kundi likiruka chini chini. Shemeji alifyatua. Mimi niliyekuwa nimesimama kwenye pikapu nilimwona bata akianguka upande wa kushoto, karibu na gogo lililolala majini.

Waziri alikuwa amekaa sawasawa, hakutikisika. Shemeji akamtuma. Mbwa akatoka kama mshale, akanusa maji, akanusa upepo, akageuka. Akapita katikati ya watu wazima wote wale, akaenda vichakani, akarudi kichwa juu, akaweka mkononi mwa bwana wake koti la Bucha.

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Akatumwa tena, akaleta koti jingine. Alikuwa anafanya alichofundishwa, tena vizuri sana. Nami nilicheka, sikatai, nilijifuta machozi.

Bucha ndiye aliyenyamaza kwanza. Alisema haidhuru, watamtafuta wenyewe, akauliza ndege ameangukia wapi. Shemeji akanyoosha mkono kulia.

Kicheko changu kikaisha. Wale waliomwona bata akianguka wakatazamana.

"Fundi," Bucha akasema polepole, "ulimwona?"

Waziri alikuwa ameketi mbele ya bwana wake akisubiri sifa.

"Sikumwona," shemeji akasema. "Nimefyatua kwa kusikia mbawa."

Nilimwona mmoja wao akigeuka kupima kwa macho pale yeye mwenyewe alipokuwa amesimama wakati bunduki inalia. Hakuna aliyemlaumu. Shemeji mwenyewe aliifungua bunduki, akatoa risasi, akamkabidhi Bucha. Akaokota kamba ya mbwa, akaanza kuja kwenye pikapu.

Bucha akamzuia. Akamwambia sheria ni ile ile, ndege yuko majini na hajapatikana, kwa hiyo hakuna anayekwenda nyumbani. Akamtupia yule bata wake miguuni.

"Mfundishe sasa," akasema. "Tutangoja."

Shemeji alisimama na kumwangalia bata, kisha akafanya jambo ambalo sikutarajia kuliona kwa mtu anayepiga pasi hata leso. Alivua shati lake, akamviringisha bata ndani yake, manyoya, damu na yote, akamnusisha Waziri. Akamrushia. Mbwa akaleta. Akafungua shati kidogo, mbawa zikatokeza, akarusha tena. Mwisho akamrusha bata mtupu. Waziri alimfikia, akasita, akamtazama bwana wake, akatazama bata, akamchukua.

Ndipo alipomtuma majini. Waziri aliogelea huku na huko, pua juu, akazunguka gogo, akapotea kwenye matete. Tulisikia majani yakivunjika. Aliporudi alikuwa na bata mdomoni, akatoka majini, akajikung'uta, akatulowesha wote, akamweka kwenye kiganja cha shemeji aliyesimama pale kifua wazi, mwembamba kama rula yake. Hakuna aliyecheka. Shemeji alimshika mbwa kichwani kwa mikono miwili, akainamisha uso kwenye manyoya yale yaliyolowa, akakaa hivyo.

Nilidhani mambo yameishia hapo, nikatafuta funguo. Lakini kundi jingine likapita, na Bucha akapiga. Ndege akaanguka mbali. Bucha alijua vizuri ameangukia wapi na miguu yake ni mizima, ila hakusogea.

"Fundi," akasema, "mtume mbwa."

Shemeji alitia filimbi mdomoni, kisha akaitoa. Miaka yote niliyomjua, sijawahi kumsikia akimuuliza mtu kitu kilipo, hata mkasi.

"Ameangukia upande gani?" akauliza.

Bucha akasogea, akasimama naye bega kwa bega, akamwelekeza.