Kanzu Isiyokunjika Magotini

Seva yetu ni kijisanduku cheusi chini ya meza yangu, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huku Chaani. Mafaili yote yamo humo, na kila karani huyafungua kwenye kompyuta yake, basi haizimwi watu wakiwa kazini. Nao hawanyanyuki vitini ila Ijumaa, waendapo msikitini. Hapo ndipo mimi hubaki nikaizima na kuitia masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya programu zake. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijitolea mwenyewe, nikijiona mwerevu, na mazoea yana tabu.

Kanzu yangu hufuliwa na kupigwa pasi na mama, nyumbani Likoni. Mimi huenda nayo kazini kila Ijumaa, ndani ya mfuko. Siku za masasisho huitikisatikisa jioni kabla ya kumrudishia, ili ionekane imevaliwa.

Mwezi uliopita masasisho yalikuja wiki tatu mfululizo. La kwanza liliziba tundu la kupenyea wezi wa mitandaoni. La pili lilikuja kurekebisha la kwanza, lililowafungia makarani wawili nje ya mafaili yao. La tatu lilikuwa la tundu jipya: yeyote aliyeshika mtandao wa ofisi angeweza kufuta kila kitu bila nywila. Nilichoka, wallahi. Halafu nikakumbuka tulivyofundishwa udogoni, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwamba aachaye Ijumaa tatu mfululizo kwa kupuuza, moyo wake hupigwa muhuri. Mbili nilikuwa nishaziacha. Niliogopa, sifichi.

Alhamisi ya kuamkia Ijumaa ya tatu, mama alikuwa akiipiga pasi.

"Mwanangu, huko Chaani watu huswali wasisujudu?"

"Kwani vipi, mama?"

"Kanzu hii. Wiki ya pili sasa unairudisha magotini haina hata mkunjo."

Nikamwambia msikiti umetandikwa zulia jipya, laini sana. Mtu mzima na ndevu zangu! Mama akaendelea na pasi yake.

Asubuhi nikaenda kwa mkuu wetu wa ofisi, mama wa Kigiriama, mtu wa kanisa. Nikamwomba tuizime seva saa nne badala ya wakati wa swala. Nilikuwa nimejiandaa kubishana.

"Zima," akasema. "Watu wanywe chai. Kumbe ndiyo inayokuweka hapa Ijumaa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani wewe si mtu wa msikiti. Ijumaa nyingi tunabaki hapa mimi na wewe."

Neno hilo liliniuma kuliko la mama yangu. Miaka yote hiyo nilijiona najitoa mhanga kwa ajili ya wenzangu, kumbe wao waliona mtu asiyeswali. Na dawa yake ilikuwa kikombe cha chai.

Saa nne niliizima. Makarani walinung'unika, wakanywa chai, na saa nne u nusu mafaili yalikuwa yamerudi, tundu limezibwa. Mchana nikavaa kanzu, nikaenda nao msikitini.

Jioni nilimpa mama kanzu bila kuitikisa. Aliikunjua, akaitazama mikunjo ya magotini, akaitia kwenye beseni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Zulia limeshachakaa."