Wino wa Liboi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jembe. Nilikuwa nimeajiriwa kama fundi wa mashine za ofisi, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na dada yangu, vyeti vyangu vya chuo nimevibana kwapani. Msimamizi wa Stoo, mtu mfupi asiyecheka ovyo, akanipeleka nyuma ya ofisi yetu ya Garissa na kunionyesha rundo la katriji, yaani vile vikopo vya plastiki vinavyobeba wino wa printa.

"Chimba shimo, fukia hizi zote," akasema. "Zimeisha."

Nikaokota moja. Ilikuwa na uzito. Nikaitikisa, nikahisi kitu kinacheza ndani. Nikaazima msumeno wa chuma, nikaikata katikati, na wino mweusi ukanirukia kuanzia kifuani hadi magotini. Nikakata ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa na wino! Nikasimama pale nimepigwa na butwaa, shati limeharibika, na Msimamizi wa Stoo ananiuliza kama nina wazimu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mtaniambia mnayajua hayo. Sisi tulikuwa hatujui. Kwenye katriji kuna chipu, kipande kidogo kama kucha. Chipu haioni wino. Inahesabu matone yaliyotoka, na hesabu ikifika, inaiambia printa kwamba mzigo umekwisha. Wino mwingine hunaswa na sponji lililo ndani, na mwingine hulala kwenye pembe za sakafu ya katriji, mbali na tundu la kutokea. Tulikuwa tunauzika mzima.

Na wino huo ulikuwa na kazi. Shirika letu, nisilopenda kulitaja, lilichanja mifugo. Mfugaji akichanja alipewa cheti kilichochapwa, na bila cheti wanyama wake hawakupita kizuizi cha barabarani kwenda sokoni. Wiki ileile niliyoanza kazi nilimkuta mzee mmoja amekaa langoni siku ya pili na mbuzi wake, akingoja wino ufike kutoka Nairobi. Wino ulikuwa shimoni, hatua thelathini kutoka alipokaa. Sikuweza kumtazama usoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuunda katriji yangu. Nilifungua kifuniko cha katriji kuukuu, nikakata plastiki ya mtungi wa maji na kuichomelea ndani kwa chuma cha moto, ili sakafu iinamie upande wa tundu na wino uteremke wenyewe. Sponji nililipunguza likabaki nusu. Chipu niliibadilisha nikaweka ile inayoanza kuhesabu upya ukijaza. Nilijiona bingwa. Nikaiweka kwenye printa ya Afisa wa Utawala, mama mkali aliyependa barua zake ziwe safi, nikaenda kunywa chai.

Nikaitwa kwa kelele. Joto la Garissa la saa nane mchana lilikuwa limeivimbisha hewa ndani ya katriji, na hewa ikausukuma wino wote nje.

"Fundi," Afisa wa Utawala akaniuliza, ameishika karatasi kwa ncha za vidole, "hii ni barua au ni ngozi ya punda milia?"

Ilinichukua miezi kujua dawa yake. Kila katriji ina kitundu cha kupumulia, na changu kilikuwa kimenyooka. Nikakichimbia njia ndefu yenye kona nyingi, hewa ikawa inapita na wino unabaki. Kuanzia hapo katriji zangu hazikuvuja tena.

Wakanipeleka Masalani mwaka mzima, kisha Eldas, kila kituo nikifundisha makarani kujaza wino kwa sindano. Nikarudishwa Garissa na cheo cha Fundi Mkuu, ingawa chini yangu hakukuwa na fundi mwingine hata mmoja. Cheo kilinipanda kichwani. Jenereta ya Eldas ilipozidisha umeme na kuunguza printa mbili kwa mpigo, Meneja wa Kanda alifoka, nami nikaandika tangazo la kubandikwa ukutani katika vituo vyote: CHOMOA WAYA UKUTANI KILA UNAPOONDOKA MEZANI. NI AMRI. FUNDI MKUU. Neno amri nililipenda sana.

Katriji zangu zikasambazwa. Masalani moja ilikaa mpaka wakasahau lini waliijaza. Eldas vivyo hivyo. Liboi ilikwisha kwa wiki tatu. Nikapeleka nyingine, nayo wiki tatu. Ya tatu hivyohivyo.

Karani wa Liboi alikuwa Hodan, mwanamke kijana mpole, aliyefanya kazi peke yake na mlinzi mmoja mzee. Kila aliponipigia simu alianza kwa salamu ndefu, kisha, kwa sauti ya aibu: "Adeer, wino imeisha tena. Unisamehe." Aliniita adeer, kama anavyoitwa ndugu wa baba.

Meneja wa Kanda akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Liboi ni mpakani," akasema. "Kuna watu wanataka vyeti vya chanjo kwa mifugo ambao hawajachanjwa. Huyo msichana anawachapia usiku na mchana. Ama basi ni katriji yako iko na shida. Niambie wewe, ni gani?"

Ningesema nikaangalie kwanza. Liboi si mbinguni, gari lilikuwepo. Lakini nilisikia tu kwamba katriji yangu inatukanwa, damu ikanichemka. Nikakaa chini nikaandika mistari miwili, nikaweka sahihi: Katriji haina kasoro. Wino unachukuliwa na mtu.

Hodan akasimamishwa kazi wiki hiyo. Liboi ni mji mdogo. Habari kwamba karani anauza vyeti vya uongo ilifika sokoni kabla ya magharibi, na nilisikia baadaye kwamba baba yake aliacha kwenda kukaa na wenzake.

Mwezi haukuisha nikatumwa kuichukua ile printa. Nilipoinyanyua mezani mkono ulinishuka. Mashine ile naijua uzito wake kama ninavyojua wa mtoto wangu, na hii ilikuwa nzito kupita kiasi. Nikaigeuza, nikafungua kitako. Chini ya printa kuna pedi, kitambaa kinene cha kunyonya wino wa taka. Pedi ilikuwa imevimba, imejaa hadi ukingoni, na wino ukaanza kunidondokea miguuni, tone baada ya tone. Wino wote wa Liboi ulikuwa humo. Hakuna aliyechukua hata wa kuandika jina lake.

Nilikaa chini sakafuni. Mlinzi akaja akasimama mlangoni.

"Warya fundi, wewe ndiyo mwenye ile amri?" akaniuliza, akanyoosha kidole ukutani, kwenye tangazo langu. "Walahi yule msichana hakuiba. Akienda kuswali, anachomoa brinta. Akienda chai, anachomoa. Hata akija kuniuliza kitu hapa mlangoni, anachomoa kwanza. Mimi namwambia, wacha, mama, utachoka. Anasema hapana, ni amri ya fundi."

Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa cha kuchapia hurudi kulala kwenye kofia ya mpira, matundu yake yasikauke. Ukichomoa waya ukutani ghafla, kichwa hubaki uchi pale kilipofikia. Ukiiwasha tena, printa hujiosha: hunyonya wino safi kutoka kwenye katriji na kuumwaga kwenye pedi. Mara nane, mara kumi kwa siku, kwa amri yangu mimi.

Nikapiga simu Masalani kuuliza wao walilifanyia nini tangazo. Karani akacheka. "Lile? Tulifungia sukari siku ileile." Eldas hata hawakukumbuka kulipokea. Wasionisikiliza ndio walioonekana waaminifu, na aliyenitii ndiye niliyemwita mwizi.

Nilirudi Garissa nimeipakata pedi ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiweka juu ya meza ya Meneja wa Kanda na kumweleza yote. Akafungua faili, akaitoa ile mistari yangu miwili.

"Na uliweka sahihi," akasema.

"Niliweka."

Hodan akarudishwa kazini. Nilikwenda Liboi mwenyewe kumwomba radhi, mbele ya baba yake na mlinzi. Akasema, "Haya, adeer," basi. Nikaunda katriji nyingine yenye dirisha ubavuni, mtu aone wino kwa macho yake, na nikaitolea printa bomba la taka hadi kwenye chupa ya nje, ili uchafu wa mashine usifichwe tumboni mwake. Vituo vyote vilipewa. Waliniita mbunifu. Mimi nilijua kilichonifundisha ubunifu huo.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana, kama mna haja ya wosia wa mzee, ni huu tu: kabla ya kuandika neno juu ya mtu, fungueni mashine kwanza.

Siku ya kuniaga palikuwa na nyama na chai ya maziwa ya ngamia. Hodan wakati huo ndiye Msimamizi wa ofisi ya Garissa. Hotuba zilipokwisha akaja akakaa kando yangu.

"Adeer, ile barua ya kunisimamisha, unajua nani aliichapa?"

Nikamwambia nadhani ilitoka Garissa.

"Ilikuja kwa kompyuta. Niichape, niweke sahihi, nirudishe. Liboi brinta ni moja, na mtu wa kuchapa ni mimi." Aliongea taratibu, bila hasira. "Nikachapa. Nikasoma ile mistari yako mbili, wameiandika ndani ya barua. Nikaweka sahihi. Halafu adhana ikalia, nikainuka kwenda kuswali."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Lakini nilichomoa waya kwanza, adeer," akasema. "Karatasi yako ilikuwa ukutani."