Foleni Iliyoanzia Mkiani

Ameondoka yule mzee wa duka la Chang'ombe. Habari nilipewa na kinyozi wangu, ambaye ana desturi ya kutangaza misiba wembe ukiwa shingoni mwa mteja ili asikatizwe. "Mzee wenu wa sukari amekwenda," alisema, akaendelea kuninyoa kana kwamba amenitajia bei ya nyanya. Watu wa Temeke hawatauliza ni mzee yupi wala sukari gani. Nyinyi wasomaji wa mbali niwaeleze kwamba marehemu alikuwa msimamizi wa duka la ushirika mtaani kwetu, na wakati huohuo alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, kazi mbili ambazo katika miaka hii ya kupanga foleni ni vigumu kukaa katika mwili mmoja bila kugombana. Jina lake silitaji. Sababu mtaiona mbele, na safari hii si uvivu wangu wa kawaida.

Msibani, mchungaji kijana aliyehamia kwetu juzijuzi alituambia kwamba marehemu alimfuata Yesu tangu ujana wake bila kuyumba. Nilimtazama jirani yangu, naye akanitazama, kisha tukainamisha vichwa kama watu wanaosali. Bila kuyumba! Mimi nimemwona mtu huyu akimfuata Yesu kwa miaka mingi, na naapa alimfuata kama mlevi anavyoifuata njia ya kwenda kwake. Aligusa kila ukuta, akatumbukia mtaroni, akasimama kusalimiana na mbuzi, lakini hata siku moja sikumwona ameelekea kwingine. Kama huko ndiko kutoyumba, mchungaji alisema kweli, ila angetuonya mapema tusije tukakohoa.

Udhaifu wa mzee wetu ulikuwa mmoja tu, nao ulitosha. Hakujua kusema hapana. Sukari ilipoingia dukani, sehemu nzuri ya mzigo ilikuwa imeshatokea mlango wa uani kabla wa mbele haujafunguliwa. Walipita mle mwalimu wa kwaya, mke wa balozi wa nyumba kumi, wazee wenzake wa kanisa, na wakubwa wa tawi la chama ambao jioni walipanda jukwaani kuwalaani walanguzi. Hongo hakuchukua, angechukua, angalau tungemwelewa. Mtu alikuja na uso wa huzuni, akasema, "Mzee, nina mgeni," basi mkono ukaenda chini ya kaunta wenyewe. Jumapili alipopewa nafasi ya kuongoza sala alilia machozi ya kweli, akiomba asamehewe dhambi ya mkono wake. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tuliitikia amina, na walioitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale waliokunywa chai tamu asubuhi ileile. Jumatatu mkono ulirudi chini ya kaunta.

Aliyeumia kuliko wote ni mjane mmoja wa Kiislamu kutoka Kusini, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi wa Maandazi. Alikuwa na mguu mbovu, na alikaanga maandazi kwenye lango la kiwanda nilichofanyia kazi ya ukarani. Sukari ikikosekana, karai lake lilikaa tupu, na karai tupu halikuwa jambo dogo. Zilikuwa siku zile ambazo malori yalizunguka mjini kuwakusanya wasio na kazi wapelekwe vijijini wakalime. Mgambo walikuwa wamekwisha kumwambia, "Bibi, tukikukuta tena umekaa hapa hukaangi kitu, tunakupandisha lori." Kule kwao alikwisha kuwazika wote waliokuwa wake. Angeshushwa kijijini na mguu wake ule, akabidhiwe jembe, apokewe na makaburi. Kwa hiyo wengine tulipopanga foleni kwa ajili ya chai, yeye alipanga kwa ajili ya mahali pa kuishi. Na kila mara alikuwa wa mwisho, kwa sababu ya mguu, na kwa sababu ya mawe. Mnajua mambo ya mawe. Mtu aliweka jiwe lake mbele ya duka tangu jana yake, akaenda kulala, na asubuhi jiwe likaheshimiwa kama mwenyewe. Maandiko yanasema kwamba watu wakinyamaza mawe yatapiga kelele. Ya Chang'ombe hayakuwa na haja ya kupiga kelele, maana yalikuwa na haki zote.

Jumapili moja lilisomwa kanisani lile fungu la Mathayo la wafanyakazi wa shamba la mizabibu, walioajiriwa jioni wakalipwa sawa na walioanza alfajiri. Mahubiri yalikuwa mazuri na marefu. Kesho yake sukari iliingia, na kama kawaida ikaisha foleni ikiwa bado imepinda kona. Mzee alikuwa anafunga duka, kufuli mkononi, Bibi wa Maandazi akamfikia akichechemea.

"Baba, jana mlikuwa mnasoma nini huko kanisani?"

"Neno la Mungu, bibi."

"Niliwasikia mie, nilikuwa nafua hapo nyuma. Eti wa mwisho watakuwa wa kwanza. Sasa mbona mie nakuwaga wa mwisho kila siku na huo ukwanza siuoni? Au ni ya nyie Wakristo tupu?"

Tuliokuwa karibu tulicheka. Mzee hakucheka. Alibaki na kufuli lake mkononi, akamtazama yule mama anavyoondoka na karai lake, na mkewe alitusimulia baadaye kwamba usiku ule mumewe aligeukageuka kitandani kama mwenye kunguni.

Sukari ilipoingia tena, mlango wa uani haukufunguliwa. Waliozoea kupita huko waligonga, wakagonga, wakaja mbele wamenuna, wakajipachika karibu na mlango kwa madai kwamba mawe fulani yalikuwa yao. Mzee akatoka. Alikuwa amepakia gunia na mizani kwenye mkokoteni, akafunga duka nyuma yake, akatupita sote bila kutazama kushoto wala kulia, mpaka mwisho kabisa wa foleni, akasimama mbele ya Bibi wa Maandazi. "Leo tunaanzia hapa," akasema. Kelele zilizofuata sitaziandika, gazeti hili linasomwa na watoto. Mwalimu wa kwaya alikuja mbio kutoka mbele, jasho likimtoka.

"Mzee, huu ni utaratibu gani?"

"Wa Mathayo."

"Mathayo gani huyo? Wa tawini au wa wilayani?"

Bibi mwenyewe alikataa kwanza kupokea, akisema wasije wakasema kaiba, mpaka mzee alipomimina sukari ndani ya karai kwa mkono wake, mkono uleule wa dhambi. Mimi nilikuwa karibu na mlango, mahali nilipokuwa nimepapigania tangu alfajiri. Sukari iliisha kabla haijanifikia. Mke wangu alinisikiliza nilivyomweleza yote, tangu shamba la mizabibu hadi mkokoteni, akasema, "Nilikutuma sukari, umeniletea Injili." Akaweka chumvi kidogo kwenye uji, tukanywa.

Lakini subirini. Habari zilienea, na sukari ilipoingia mara nyingine Chang'ombe nzima ilikuwa imeokoka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Watu walioumizana mbavu wakigombea mbele, sasa walipishana kwa adabu ambayo sijaiona tena hata kwenye harusi. "Tangulia, dada." "Hapana kaka, mie nakuheshimu, tangulia wewe." Kila aliyejiona yuko mbele alitoka akakimbilia nyuma, na aliyekuwa nyuma alipoona amepata wa nyuma yake naye akatoka akakimbia. Foleni ilirudi kinyumenyume, ikavuka barabara, ikakata uwanja wa mpira katikati ya mechi ya watoto, ikaelekea viwandani. Mwalimu wa kwaya alijificha nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli ili atokee akiwa wa mwisho wa wa mwisho, akawakuta humo wazee watatu wa kanisa wamechuchumaa na wazo lilelile.

Bibi wa Maandazi hakuweza kukimbia. Alifika kwa mwendo wake, na wote wakampita wakienda nyuma, akabaki peke yake mbele ya mlango wa duka, karai kichwani, akishangaa wenzake wamekwenda wapi. Mzee akafungua. Akamwona yeye, akatuona sisi kule mbali tukisukumana kwa unyenyekevu, akakaa kwenye ngazi akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akasimama, akachukua mizani. "Karibu, bibi," akasema. "Leo tunaanzia mbele." Tulipong'amua na kurudi mbio tulikuta foleni mpya imeshapangwa na wanawake wapita njia, watu wasiojua Mathayo wala Marko, na sukari iliniishia kwa mara ya pili kwa fungu lilelile la Biblia.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Tuliambiwa habari za usawa kwenye mikutano ya hadhara na habari za neema kanisani, na zote mbili tulizipigia makofi, kila mtu akiwa na hakika kwamba zimemlenga jirani yake mchoyo. Zilipokuja hadi mlangoni tukazigeuza kuwa ujanja wa foleni. Binadamu ukimwambia kwamba wa mwisho atakuwa wa kwanza, hatakuuliza wa mwisho ni nani akamsaidie. Atakuuliza nyuma ni wapi akawahi nafasi. Nasema binadamu, lakini mimi pia nilikuwa nakimbia, na viatu vyangu vilikuwa vipya.

Sasa sikilizeni mwisho wake dukani. Kwa miaka yote ya mlango wa uani mzee hakuitwa na mtu kujieleza. Kwa kuanzia mkiani aliitwa kabla mwezi haujaisha. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyepeleka malalamiko ya kuvurugwa kwa utaratibu. Kamati ya duka ikaja, ikachungulia, ikagundua kwa mshangao mkubwa kwamba siku za nyuma kulikuwa na sukari iliyotoka bila kupita mbele. Wakamtaka awataje waliokuwa wakiichukua. Mzee akawatazama wajumbe mmoja mmoja, na nusu yao wakaanza kutafuta kitu mifukoni. "Mkono ulikuwa wangu," akasema, na hilo ndilo walilopata. Akaondolewa dukani. Usharika nao, usije ukaachwa nyuma katika kutetea haki, ukamtenga, asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu wote. Siku ya kurudi kundini alisimama peke yake mbele, koti lake la Jumapili limemlegea. Mchungaji wa wakati ule, mzee mwenye sauti nzito, akamwuliza ametenda dhambi gani.

"Sukari," akajibu.

Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji akangoja kitulie.

"Uliitenda peke yako?"

Hapo nilisikia benchi likilia chini ya mtu mzito. "Aliyesimama ni mimi, mchungaji," mzee akasema. "Waliokaa wana Bwana wao." Nilitokwa na machozi siku ile, nami si mtu wa machozi kanisani. Na ndiyo sababu simtaji yeye wala mtu mwingine katika safu hii. Aliyetufichia wengi namna ile, nami namfichia.

Msidhani alitoka pale malaika. Viongozi wa mtaa walimpa kusimamia bomba la maji, na haukupita muda ndoo za wenye nyuso za huzuni zikaanza kutangulia. Akatubu tena. Nilizoea kumtania kwamba amerudi kundini mara nyingi hadi kondoo wengine wanamwona mgeni. "Wewe cheka tu," alinijibu. "Mie nikianguka najuaga pa kurudi. Wewe ambaye hujawahi kutoka, siku ukipotea utauliza njia kwa nani?" Jibu ninalitafuta hadi leo, na sina tena wa kumpelekea hata nikilipata.

Basi tukafika kwenye kutoa heshima za mwisho. Chai ya msibani ilikuwa na sukari, msiniulize imetoka wapi. Msimamizi mpya wa duka alikuwa anatazama viatu vyake. Jeneza likawekwa uani, na msema chochote akatangaza utaratibu: wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa tawi, kwaya, ndipo wananchi. Muda ulikuwa mfupi, akatuonya, na watakaobaki watuwie radhi, jeneza litafungwa. Nikageuka nyuma. Mwishoni kabisa mwa foleni, karibu na barabara, alikuwa Bibi wa Maandazi na fimbo yake. Lori halikumchukua. Hadi leo anakaanga kwenye lango lilelile. Ilikuwa dhahiri kwamba hatafika kabla ya mfuniko.

Mbele ya wazee wa kanisa alikuwa amejipenyeza mwalimu wa kwaya bila kungoja zamu ya kwaya, kichwa cheupe siku hizi. Alifika kwenye jeneza, akatazama ndani, akakaa muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa. Alipogeuka uso ulikuwa umemharibika. "Jamani," akasema kwa sauti ile iliyotuimbisha miaka yote, "tuanzieni nyuma."

Halafu, na hapa naapa mbele ya mhariri wangu, wazee wawili wa kanisa na kiongozi mmoja wa tawi wakaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mkiani. Wakagundua, wakatazamana, na kicheko kikalipuka uani pale, msibani, maiti ikiwa imelala mbele yetu. Mjane wa marehemu alicheka mpaka akashikiliwa, na sikuweza kujua alipomaliza kucheka na alipoanza kulia. Bibi wa Maandazi akaja katikati yetu, tumempisha pande zote, fimbo ikigonga chini. Akainama juu ya jeneza. "Baba, mie nimefika," akamwambia. "Na leo pia sikukimbia."

Mchungaji kijana ameniuliza tulichekea nini. Nilimjibu kwamba siku akiacha kuwasifu marehemu wetu kwa kutoyumba nitamweleza, na atapata mahubiri ya kumtosha mwaka mzima. Kwa leo namwachia hili tu, kwamba katika foleni ile, mbele hata nyuma, hapakuwa na aliyestahili hata kijiko, na aliyekuwa akitupimia alilijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe hakustahili kushika mizani. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza kama niliwahi kumuaga mzee. Nikamwambia foleni ilianzia nyuma kama zamani, nami nilikuwa mbele kama zamani, ila safari hii walingoja kufunga jeneza, zamu ikanifikia.