Picha ya Samaki Haina Harufu

Saa kumi na mbili asubuhi, Priscille Lofemba anapiga chafya ya tatu, na watu wa ukingo wa mto Kongo hapa Yanonge wanageuka kumtazama.

Kwingine chafya ni chafya tu. Hapa ni habari mbaya. Mama huyu wa miaka hamsini na miwili analipwa kunusa samaki, na leo, baada ya wiki tisa za kungoja, amepata oda kutoka kwa Ramla Nassoro, mfanyabiashara wa soko kuu la Kisangani aliyekuwa ameacha kumwamini.

"Mungu wangu, si leo," anasema, akijipangusa pua kwa pembe ya kitenge.

Mbele yake vipo vikapu kumi na viwili vya ngolo, yaani kambare waliokaushwa kwa moshi. Rangi yao ya kahawia inang'aa. Ukiwapiga picha, watapendeza kuliko walivyo.

Shida yenyewe ilianzia hapo. Kabla mnara wa simu haujasimamishwa, wanunuzi wa Kisangani walikuja wenyewe kwa boti, wakalala siku mbili, wakapasua samaki na kunusa. Mtandao ulipofika, safari zikafa. Watu wakaanza kuuziana kwa picha za WhatsApp. Picha zilikuwa nzuri kweli kweli, ila samaki waliofika mjini, wengine walikuwa wa kutupa.

Maana samaki aliyeoza kabla ya kuwekwa motoni hukauka vizuri kama mwenzake.

"Moshi inafichaka," anaeleza Priscille. "Unapasua nyuma ya kichwa, unapumulia ndani, halafu unangoja. Moshi inapita kwanza. Kuoza inakuja nyuma, polepole, hapa kwenye koo."

Mimi, mwandishi wa habari hizi, nilijaribu vikapu vitatu. Kwangu vyote vilinuka moshi. Priscille alicheka mpaka akakohoa.

Basi Ramla, aliyemfahamu tangu enzi za kuja mwenyewe, akamwomba awe pua yake. Wengine wakafuata. Kila mteja hupokea picha, kisha ujumbe mfupi wa sauti: chukua, au acha. Kwa kila kikapu anachonusa, kinunuliwe kisinunuliwe, Priscille hulipwa faranga elfu moja na mia tano, na wiki nzuri vilifika arobaini. Siku za kazi hanywi kahawa, hagusi pilipili, haogi kwa sabuni ya manukato. Binti yake Grâce anasomea uuguzi mjini kwa fedha za pua hiyo.

Mwezi wa saba akashikwa na mafua. Ramla alikuwa na haraka, alitaka samaki wa arusi, na Priscille akaona haya kusema ukweli. Akatazama rangi, akabonyeza nyama kwa kidole, akatuma sauti: chukua. Wageni wa arusi walizisukuma sahani zao kando.

Ramla hakutukana. Alituma sauti ya sekunde nne: "Mama Priscille, pua yako ilikuwa wapi?" Halafu kimya.

"Angenitukana, ningelala," anasema Priscille. "Ile kimya ndiyo ilinikula." Habari ikasambaa sokoni, na vikapu vikashuka hadi kumi kwa wiki. Ada ya Grâce ya muhula huu haijalipwa.

Ndiyo maana oda ya leo si oda tu. Ni mtihani, na kila mtu hapa ukingoni anajua. Augustin, mvuvi mwenye vikapu, anajua kuliko wote.

"Mama, samaki iko muzuri! Mi mwenyewe niliitoa kwenye maji. Boti inaondoka saa mbili. Sema tu oui, tumalize!"

"Papa Augustin, sikatae samaki yako. Nasema sijue."

"Bon, kama haujue, si uangalie na macho?"

"Macho, Ramla iko nayo. Kwa ile simu."

Priscille anapasua samaki mwingine, anapumulia, anangoja. Hakuna kitu. Anarudia. Machozi yanamtoka, na si ya mafua peke yake.

Kisha anapanda hadi nyuma ya soko la Yanonge, mahali mtandao unaposhika vizuri, na kubonyeza kitufe cha sauti.

"Mama Ramla, mafua imenishika. Leo sina pua. Usinunue juu ya neno yangu."

Augustin anabeba vikapu vyake akinung'unika, kwenda kuvipiga picha kwa ajili ya mnunuzi mwingine. Priscille anaketi kwenye gogo. "Nimejimaliza mwenyewe," anasema.

Boti imekwisha kupiga honi ya kuondoka jibu linapoingia. Anaogopa kulifungua, ananipa simu. "Sikiliza wewe kwanza."

Tunasikiliza pamoja. "Bon, Mama Priscille," inasema sauti ya Ramla, na nyuma yake makelele ya soko. "Ile siku ya arusi, neno hii ndiyo ilikosekana. Ponesha pua yako. Nitangoja, sitanunua kwa mutu mwingine. Ukipona, unitafutie vikapu makumi tatu."

Priscille anaisikiliza mara nne. Mara ya nne anacheka.

Njiani kurudi nyumbani ananieleza mpango wake. Kabla ya Krismasi anataka kuwafundisha kunusa wanawake wawili kati ya wale wanaokausha samaki, wagawane kazi na malipo. "Mafua haiwezi kutushika wote siku moja," anasema. Amekwisha kumchagua wa kwanza, jirani yake Aurélie, kwa sababu hata mchuzi ukianza kuchacha jikoni kwa watu, Aurélie huujua akiwa barabarani.

Nyumbani anachemsha mchaichai, anajifunika kitenge juu ya sufuria na kuvuta mvuke. Baada ya muda anatoa kichwa, uso umelowa, anachukua ngolo mmoja aliyekuja naye kutoka ukingoni, anampasua nyuma ya kichwa. Anapumulia. Anangoja sana.

"Bado," anasema, na anarudi chini ya kitenge.